Kabeji ya Kelele Haiwekwi Kwenye Hotpoti

Nekesa wangu,

Hali yako siulizi. Umetoka hapa sasa hivi ukicheka, umevaa viatu vyangu bila kuniomba, mnakwenda na Prossy kumuaga rafiki yako Tala, na umeniapia kwamba mtarudi kabla jua halijatua. Nitaamini nikiona. Nyinyi watu wa kuagana hamna breki. Lakini leo chelewa kidogo, nakupa ruhusa, maana nilikuwa nawinda nafasi ya kukaa peke yangu kwenye kaunta hii ya jikoni niandike bila wewe kunichungulia begani.

Mambo ya safari sitayagusa. Pasipoti, sweta, chaja, usikubali kumbebea mtu mzigo uwanja wa ndege: hayo yote Prossy amekuimbia mpaka ukaziba masikio. Kesho asubuhi ndege itakutoa hapa Dubai ikupeleke Nairobi, uanze chuo, usomee udaktari wa mifugo. Binti yangu, daktari wa mifugo! Acha nirudie, hakuna wa kunizuia humu ndani: daktari wa mifugo! Nimemwambia hadi yule kijana anayetuletea maji. Akaniuliza kama nina ng'ombe.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya saladi. Usicheke, au cheka, lakini soma mpaka mwisho. Wewe unaikumbuka kwa upande wako, upande wa mtoto wa darasa la sita. Upande wangu hujawahi kuusikia, kwa sababu kila nikianza kuusimulia sauti inanikwama, nawe unadhani nataka kukugombeza unakimbilia bafuni.

Nianzie ulipokuja. Ulitokea kwenye ule mlango wa uwanja wa ndege na miguu myembamba na begi lililonukia moshi wa jiko la Kukhu. Baba yako alitangulia mbele ya haki ukiwa hujaanza kutembea, nami nikaja huku kutafuta, nikakuacha Kimilili na mama yangu, Kukhu wako. Siombi radhi kwa hilo, na wewe hujawahi kunidai. Nilianza kwa kuosha vyombo katika mkahawa kule mtaa wa JLT, nikapanda hadi kaunta, nikapanda hadi msimamizi wa zamu, na siku niliyopata kibali cha kukuleta nilipiga kigelegele ndani ya metro, mama mmoja akahama kiti. Nilijua nimeshinda. Nilijua sasa kazi imekwisha, kilichobaki ni mimi na mtoto wangu kukaa.

Kumbe nimemleta mgeni. Ulikuwa na adabu mpaka ikanitisha. Ulitandika kitanda kabla sijaamka, uliosha kikombe chako ukakigeuza, ulikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa kwenye kliniki. Kukhu ulimwita Mama, na ulikuwa na haki, yeye ndiye aliyekuogesha na kukusuka. Mimi hukuniita Mama, hukuniita Auntie, hukuniita kitu chochote. Uliniita "samahani". "Samahani, taa ya bafuni inawashwa wapi?" "Samahani, maziwa yameisha." Kutwa nzima mkahawani wateja walikuwa wakiniita hivyohivyo, excuse me, excuse me, halafu nafika nyumbani kwangu mwenyewe, naitwa samahani.

Nilitaka uniite Mama. Nakuambia waziwazi leo kwa kuwa wakati ule sikuthubutu kukuambia: ndicho kitu pekee nilichokuwa nakitaka Dubai nzima. Na neno lile huwezi kumwamuru mtoto alitamke. Ukimlazimisha atalisema, lakini litakuwa limetoka mdomoni tu.

Njia niliyoijua mimi ilikuwa chakula. Kwetu mtu asiyekuwepo anawekewa. Unajua mwenyewe, hata mtu akichelewa mpaka watu wamekwishalala, atakuta sahani imefunikwa na ndani mna finyango yake ya nyama, na ole wake atakayeigusa. Kuwekewa chakula ndiko kupendwa, na mama asiyewekea watu anasemwa hadi kijiji cha pili. Ndiyo maana ile hotpoti nyekundu niliinunua siku ileile niliyopewa funguo za studio hii ya chumba kimoja, mtaa wa JVC, kabla hata ya godoro. Zamu yangu ilikuwa ya mchana hadi usiku. Kwa hiyo asubuhi napika, nakuwekea, nakwenda zangu JLT, na Prossy wetu, Mganda wa ghorofa ya tatu anayelea watoto wa madam wake, anakupokea kutoka basi la shule na kukufungulia mlango.

Niliweka ugali na kuku. Niliweka ndengu na chapati. Niliweka pilau ambayo hata siku ya Krismasi Kimilili hatukuwa tukiiona. Ninaporudi nakuta hotpoti iko palepale nilipoiacha, na pembeni kuna makombo ya mkate. Ulikuwa unakula mkate mkavu na chai, mtoto wa Bungoma, na kuku amelala humo ndani! Ukiulizwa unasema, "Samahani, nilikuwa nimeshiba." Nikaongeza chumvi, nikapunguza chumvi, nikabadilisha mchele. Sikuwahi kufikiri kwamba huenda shida haikuwa kwenye chungu.

Halafu siku moja ukarudi kutoka kwa kina Tala. Ilikuwa siku nzuri, naikumbuka, macho yako yalikuwa yamechangamka. Ukasimama hapo mlangoni mwa jiko, ukashika fremu.

"Samahani. Unajua kutengeneza saladi ya kabeji? Mama yake Tala ametupa. Ina tambi ndani. Ukitafuna inapiga kelele."

Nekesa, ulikuwa hujaniomba kitu hata kimoja tangu ushuke kwenye ndege. Hata kalamu ulikuwa ukimwomba Prossy. Nikajitia mimi ni mimi.

"Kabeji?" nikakwambia. "Mimi mtu wa Kimilili nishindwe na kabeji? Nenda kapumzike, hii niachie."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mdomo wako ulikuwa umeshafunguka, ulitaka kunieleza inavyotengenezwa, mikono ilishaanza kuonyesha, nami nikakufukuza jikoni kwa sifa zangu. Ukaufunga mdomo ukaenda. Ningekuwa na akili ningekukalisha juu ya kaunta niseme, "Haya, niambie yote."

Basi ngoja nikukumbushe nilichopika, maana nimekaa nikikicheka peke yangu hapa. Kabeji mbichi sijawahi kumpa binadamu. Kwetu kabeji mbichi anapewa mbuzi. Kitu pekee kibichi ninachokiheshimu ni kachumbari, na kitunguu cha kachumbari humpi mtu hivihivi, unakitia chumvi, unakifikicha, unakikamua, unakisuuza, unakikamua tena mpaka ukali wote uishe. Nikaifanyia kabeji vivyo hivyo. Niliikamua kabeji ile kama nguo ya shule. Tambi za pakiti nikazichemsha zikaiva hasa, nikamwagia na ule unga wake wa viungo, nikachanganya, nikakamulia ndimu. Na baada ya hapo nikaiweka wapi? Kwenye hotpoti! Nikafunga kifuniko, nikaenda kazini nikiimba.

Siku hiyo nilikuwa mtu wa ajabu pale mkahawani. Namtengea mtu kahawa, nautabasamia ukuta. Nilikuwa nakuona unafungua, unatafuna, unacheka.

Niliporudi ulikuwa umekaa mbele ya hotpoti iliyo wazi. Na harufu, Mungu wangu! Kabeji iliyofungiwa na joto lake, mimi mwenyewe nilirudi nyuma hatua. Lakini ulikuwa umekula. Ulikuwa umekula karibu nusu, polepole, kwa huruma, kwa sababu uliona nimejitahidi.

"Samahani," ukasema. "Hii imelala."

Nilijaribu tena na tena. Nikapunguza kukamua. Nikachemsha tambi kidogo zaidi ya kuzionyesha maji. Nyingine nikaiacha kwenye friji tangu asubuhi, ikatoa maji bakuli zima likawa supu. Kila mara nakuuliza, "Inapiga kelele?" nawe, ambaye Kukhu hakukufundisha uongo, unatikisa kichwa. Prossy alinikuta siku moja nimezungukwa na makabeji akashika kiuno. "Banange, wewe mama, unapigana na majani! Mpikie mtoto matoke alale!" Nilimfukuza naye. Nilikuwa nimefukuza kila mtu jikoni mwangu.

Ikafika siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa nimetoka kumwaga bakuli jingine, jasho linanitoka na AC inafanya kazi, na wewe umekaa kitandani na kitabu, kimya. Mimi hasira zangu ziko karibu, unanijua. Nikapaza sauti: "Basi njoo unionyeshe wewe!"

Nilisema vibaya, kwa ukali, kama mtu anayegombana. Mtoto mwingine angenuna. Wewe ulikitupa kitabu, ukaja mbio, ukaingia jikoni ukikunja mikono ya blauzi. Kumbe ulikuwa unangoja kuitwa. Muda wote ule, mwanangu, ulikuwa unangoja uitwe tu.

"Kwanza, tambi hazichemshwi," ukasema.

"Hazichemshwi? Tuzile mbichi? Tuje tuumwe matumbo nchi ya watu?"

"Zinavunjwa ndani ya pakiti. Halafu zinakaangwa."

Nikakutazama nikidhani unanitania. Ukachukua pakiti, ukailaza hapa hapa ninapoandikia, ukashika mti wangu wa kusukumia chapati ukaiponda. Kra! Ukaponda tena. Ukaanza kucheka, kile kicheko chako cha puani ambacho nilikuwa nimekisikia kwenye simu tu, ukiwa na Kukhu. Tukaweka siagi kwenye kikaango, tukamwaga vile vipande vya tambi, tukaongeza njugu, tukaongeza simsim, tukakoroga bila kuacha mpaka vikageuka rangi ya chapati iliyoiva. Harufu ya simsim ikajaa nyumba. Wewe ukafumba macho ukasema inanuka kama kwa Kukhu, nami nikaendelea kukoroga.

Tukafika kwenye kabeji. Ukaingia wasiwasi. "Mama yake Tala ana mashine ya kuikata nyembamba," ukasema. "Sisi hatuna."

Aa! Hapo mtoto aliingia kwenye uwanja wangu. Nikashika nusu ya kabeji kwenye kiganja cha kushoto, kisu kulia, nikaanza. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya watu wengi, fungu moja la sukuma lilitakiwa litoshe wote, na lilitosha kwa sababu lilikatwa jembamba kama uzi. Kukhu alikuwa akisimama nyuma yangu, nikikata nene nasikia kofi la mgongoni. Nilikata kabeji ile bila kuiangalia, nilikuwa nakuangalia wewe. Nyuzi zinaanguka bakulini, nyeupe, na macho yako yanazidi kufunguka.

"Unakata mkononi? Bila ubao?"

"Ubao wa nini?"

"Nifundishe."

Nilisikia vizuri, Nekesa. Ulisema nifundishe. Nikakuweka mbele yangu, nikashika mikono yako na mikono yangu, na kwa mara ya kwanza tangu uje nilikuwa nimekukumbatia bila wewe kukakamaa, kisu katikati yetu. Vipande vyako vilikuwa vinene vya kulishia mbuzi. Nikakwambia hivyo. Ukanipiga kiwiko.

Ile kabeji tukaitumbukiza kwenye maji ya barafu, hilo pia wewe ndiye uliyelijua, ikatoka imejikaza na kuvimba kwa afya. Hakuna chumvi, hakuna kukamua. Tukakata karoti, dania na vitunguu vya majani. Kwenye chupa ya jamu tukatia siki, sosi ya soya, asali, mafuta ya simsim na tangawizi niliyoikuna mpaka vidole vikawasha, tukafunga, tukaitikisa kwa zamu tukicheza jikoni. Halafu yote kwa pamoja ndani ya bakuli kubwa. Ukawa wa kwanza kutia mdomoni. Nilisimama nakutazama kama mtu anayengoja daktari aseme.

Kacha!

Niliisikia nikiwa upande wa pili wa kaunta. Nami nikatia mdomoni. Ai! Tamu, kali, chachu, halafu zile tambi na njugu zinavunjika, kabeji inaitikia, huwezi hata kusikia unachosema. Mimi, mtu mzima, nilikuwa nimefika umri ule sijui kwamba kabeji ina sauti. Tulikuwa tunatafuna tunaangaliana tunacheka, tunatafuna kwa makusudi, nani atapiga kelele zaidi.

Ndipo simu ikalia. Meneja wangu. "Yalla, njoo sasa hivi, mtu wa zamu hajatokea, watu wamejaa."

Nikasimama. Sikufikiri, mwili wenyewe ulisimama, umezoea. Simu sikioni, mdomo umejaa, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye hotpoti. Nikaifungua, nikaanza kupakua ya kwako nikuwekee. Hivyo ndivyo nilivyofanya tangu uje, nakuwekea naondoka. Nilikuwa nimeshaishika ile saladi kwa kijiko wakati ulipoweka kiganja chako juu ya hotpoti ukaiziba.

"Hii haiwekwi," ukasema. "Ikiwekwa inalala."

Nikabaki na kijiko hewani. Wewe hukuniangalia, ulikuwa unaangalia bakuli.

"Mama, kaa ule."

Sijui kama ulijua ulilolisema. Ulilisema kama neno la kawaida, kama unayesema nipe chumvi. Meneja anasema hallo, hallo. Nami nikamwambia, "Sir, nitakuja. Lakini kwanza ninakula na mtoto wangu."

Kwanza! Neno hilo nilikuwa sijawahi kumwambia mwajiri tangu nishuke katika nchi hii. Nikaona kazi inaondoka, kibali kinaondoka, na wewe unaondoka nacho, maana ulikuwa hapa kwa kibali changu. Lakini sikulirudisha neno langu. Akapumua, akasema, "Inshallah usichelewe sana," akakata. Alinuna wiki nzima, khalas, akasahau. Nami nilikaa, nikala na wewe mpaka bakuli likabaki na simsim za chini tu, ukazikomba kwa kidole. Mbele yako sikutoa chozi hata moja. Nililia kwenye teksi, dereva akanipa boksi zima la tishu bila kuuliza neno.

Tangu siku hiyo hukuniita samahani tena. Hukuwahi kuijadili nami wala sikuijadili, niliogopa nikiigusa itavunjika. Na nyumba ikapata utaratibu wake mpya: kabeji imekatwa inangoja kwenye friji, tambi zimekaangwa zinangoja kwenye kopo, mchuzi unangoja kwenye chupa ya jamu, na wewe unangoja mezani na hesabu zako. Hakuna kuchanganya mpaka wote tupo. Prossy alikuwa akikushawishi ule kwanza, unakataa. Mimi huku mkahawani, nikijua kuna mtu anangoja kelele, nilikuwa nafunga zamu kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana JLT. Mwisho nikaenda kwa meneja nikamwambia nataka zamu ya asubuhi. Akasema haiwezekani. Nikasema basi tafuta msimamizi mwingine. Ikawezekana.

Na unakumbuka siku ya chakula cha pamoja baada ya ibada, kule Oud Metha? Kina mama wote wamebeba mapilau na mukimo, mimi nimebeba beseni la kabeji mbichi na kopo. Wakaanza. "Mama Nekesa, umetuletea chakula cha sungura?" "Dubai imekuchanganya, dada." Wewe ulisimama kando yangu umeshika chupa ya jamu kifuani, umeinua kidevu. Nikaona walivyoniita, Mama Nekesa, na nikaona hukushtuka, ulikaa nalo vizuri kabisa. Tukachanganya mbele yao. Wa kwanza akaonja kwa kucheka, kacha, akanyamaza. Wa pili akaja na sahani. Halafu ukumbi mzima ukawa kelele, hata mahubiri ya siku hiyo hayakusikika vile. Beseni lilirudi tupu na pilau za watu zikarudi nyumbani na wenyewe. Nilitembea mpaka kituo cha basi nimevimba kichwa, na beseni nimejitwika makusudi watu waone.

Sasa sikia, maana nahisi mko njiani.

Sitakufundisha maisha. Wewe utakuwa daktari, mimi nitakusikiliza. Lakini mambo mawili matatu yalinigharimu na ningependa wewe uyapate bure. Neno "nionyeshe" mimi nililipata nikiwa mtu mzima, na nililipata nikiwa nimekasirika. Wewe litumie mapema, tena kwa sauti nzuri. Huko chuoni utakuta watu wanaojua na watu wanaojitia kujua kama mama yako, na kabeji zao zote zitalala. Na lile neno "kwanza", litafutie mahali pake. Simu zitalia ukiwa mezani na mtu wako. Zingine utaziitikia mbio, ng'ombe wa mtu akiwa anazaa hangoji. Lakini zingine zitangoja, na hakuna atakayekufa, naapa, mimi nimejaribu.

Ukienda Kimilili likizo, Kukhu atakuwekea. Atakuwekea ugali tangu mchana, utaukuta mgumu umeshika sahani. Ule wote. Usije ukamwambia umelala! Mtengenezee na hii yetu, uone atakavyokuambia mpe mbuzi, halafu umwone akiomba tena. Na nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia hata yeye. Miaka yote ile nikiosha vyombo huku, mama yangu alikuwa ananiwekea kitu kikubwa kuliko ugali na nyama zote. Aliniwekea wewe. Alikufunika vizuri, hakuruhusu mtu akuguse, na siku ya kukupokea nilikukuta mzima. Mshukuru kwa niaba yangu, mimi nikimpigia simu tunaishia kuongelea mvua.

Watu wananiuliza kama nitahuzunika kesho. Nitahuzunika, kwani mimi ni jiwe? Nitakuta kiti chako na nitalia mpaka Prossy aje na matoke yake. Lakini usinionee huruma hata kidogo. Nilikuja hapa nikiwa mama wa simu, leo ninamsindikiza uwanja wa ndege binti anayevaa viatu vyangu bila kuomba. Unajua mgeni havai viatu vya mwenyeji, hata akiombwa avae anakataa. Mimi nimeshinda, Nekesa. Waambie wanaouliza kwamba mama yako alishinda Dubai, na waonyeshe ushahidi, ujisimamishe hapo mbele yao.

Barua hii utaikuta ndani ya ile hotpoti nyekundu. Naitia kwenye sanduku lako, chini ya sweta. Nenda nayo. Utapata wenzako hosteli wanaochelewa maktaba, wawekee, watakupenda mpaka uchoke. Mimi huku siihitaji tena. Na wewe nikuambie kabisa ujue: sitakuwekea chakula. Siku utakayorudi usitegemee kukuta sahani imefunikwa. Utakuta kabeji nzima, haijakatwa, na visu viwili.

Lifti hiyo imesimama. Nasikia kicheko cha puani mpaka huku, na Prossy anasema banange. Jua bado lipo, mmetimiza ahadi, sikutegemea. Kabeji iko kwenye barafu, tambi ziko kwenye kopo, chupa iko mkononi mwangu wa kushoto. Unafungua mlango, na kabla hata hujavua viatu vyangu unauliza kwa sauti:

"Mama, umeshachanganya?"

Bado, mwanangu. Nilikuwa nakungoja.